Mgeni njoo, mwenyeji alale wapi?

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya tatu baada ya Krismasi, nilikuwa nimesimamisha basi kwenye kituo cha Kimball Junction, Utah, hita ikipuliza mpaka mwisho wake. Nje ilikuwa ile baridi ambayo ukivuta pumzi unahisi vinyweleo vya puani vinagandana. Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, ambaye hupanda basi la alfajiri kutoka Salt Lake City na kubadilishia hapa, aliingia akikung'uta theluji miguuni. Aliutazama mstari wa taa nyekundu za magari uliokwisha kujipanga kuelekea mjini, akanigeukia: "Baba, leo tutafika?"

Hakuuliza tutafika saa ngapi.

Mwezi Novemba safari ya kutoka kituo kile hadi Park City mjini ni robo saa, ukiwa na bahati mbaya ya taa za barabarani labda dakika ishirini. Asubuhi ile ilituchukua dakika hamsini na tano. Abiria wangu nusu walikuwa wageni waliovaa viatu vya kutelezea kwenye theluji, vile vigumu kama vimemiminwa kwa saruji, wanaotembea navyo kama bata aliyepanda ngazi. Nusu nyingine walikuwa watu wa kutandika vitanda, kuosha vyombo, kukaanga mayai na kufagia theluji kwenye ngazi za hoteli. Wa kwanza walikuwa wanachelewa starehe. Wa pili walikuwa wanachelewa zamu, na kwenye zamu dakika zinahesabiwa.

Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekua nikiiona theluji juu ya Kibo kila asubuhi bila kuigusa, na nimekua nikiona pia wageni wanavyofurika mjini kwetu kila Desemba kupanda mlima. Kwa hiyo nilipofika huku na kuanza kuendesha basi, jambo la mji mdogo kujaa wageni wakati wa sikukuu halikunishangaza. Kilichonishangaza ni ukali wa wenyeji. Ukikaa kwenye kinyozi wiki ya Krismasi utasikia hasira tupu: wageni hawajui kuendesha kwenye barafu, wageni wamemaliza maziwa dukani, wageni wanapiga picha katikati ya barabara. Ukisikiliza upande wa wafanyabiashara, unaambiwa ndiyo msimu, vumilieni, ndiyo unaolisha mji. Baada ya misimu kadhaa nyuma ya usukani naona pande zote mbili zinaitazama foleni kutoka mkiani. Foleni ile huanza miezi tisa kabla, kwenye bei ya kadi za kuteleza, kalenda za shule na daftari la kodi za nyumba. Mgeni aliyekwama mbele ya basi langu ndiye anayejua kidogo kuliko wote kwa nini amekwama.

Kwanza mji wenyewe. Park City upo kwenye milima ya Wasatch, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kama kilomita 50 mashariki ya Salt Lake City. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi wasiozidi 8,500. Barabara za kuingilia wakati wa baridi ni mbili tu za maana: ya 224 inayotoka Kimball Junction, na ya 248 inayotokea upande wa mashariki. Njia ya tatu, ya kupita juu mlimani Guardsman, hufungwa theluji ikishatanda. Hivyo mji mzima ni chupa yenye shingo mbili. Kuna mpango wa kuweka njia maalumu za mabasi kwenye ile ya 224, kitu kama mwendokasi wa Dar, na mimi ni kati ya wanaoungoja kwa hamu, ingawa najua basi la haraka halipunguzi watu, linawafikisha tu.

Mji ulianza kwa madini ya fedha katika karne ya 19. Mwaka 1898 moto uliteketeza sehemu kubwa ya barabara kuu, wakajenga upya. Bei ya fedha ilipoanguka, mji ukaanguka nayo, na kufikia miaka ya 1950 ulikuwa karibu kubaki mahame. Mwaka 1963 kampuni ya madini iliyobaki, kwa mkopo wa serikali kuu uliolenga maeneo yaliyodorora, ilifungua kituo cha kuteleza kwenye theluji. Napenda sana kisa cha miaka ile ya mwanzo: wageni walipakiwa kwenye treni ya mgodini, wakapelekwa gizani ndani ya mlima umbali wa karibu kilomita 5, kisha wakapandishwa kwa lifti ya wachimbaji zaidi ya mita 500 hadi juani, ndipo wakaanza kuteleza. Ilikuwa polepole, yenye unyevu, na haikudumu. Lakini inaonyesha kwamba mji huu tangu awali ulitengenezwa kwa ajili ya kuvuta watu. Anayedai kwamba wageni wameuvamia anasahau kwamba waliitwa, tena kwa fedha za mkopo. Michezo ya Olimpiki ya 2002 ilimalizia kazi ya kuutangaza duniani, na ile ya 2034 inarudi Utah.

Sasa tuje kwenye kadi, maana hapo ndipo penye mzizi.

Zamani anayetaka kuteleza alinunua tiketi ya siku dirishani. Theluji ikiwa mbaya, hakuja, na kampuni ikala hasara. Biashara nzima ilitegemea mawingu. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ya Colorado ilileta kadi iitwayo Epic kwa dola 579: lipa mara moja kabla ya msimu, teleza kadiri upendavyo kwenye milima yake yote. Kwa mnunuzi ilikuwa nafuu kubwa. Kwa kampuni ilikuwa bima: fedha ya majira ya baridi inaingia benki wakati wa kiangazi, na theluji ikigoma kuanguka, hasara ni ya mwenye kadi. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilinunua kituo cha Park City kwa dola milioni 182.5, baada ya mzozo wa mahakamani ulioanzia kwenye kuchelewa kuhuisha mkataba wa kukodi mlima. (Wamiliki wa zamani walichelewa kupeleka barua ya kuhuisha. Mlima mzima ukapotea kwa karatasi. Baba yangu, aliyekuwa karani, angeipenda hadithi hii.) Mwaka uliofuata ukaunganishwa na mlima jirani, Canyons, ikawa sehemu kubwa kuliko zote za kuteleza nchini Marekani, ekari 7,300. Kampuni ya pili, Alterra, ilipoleta kadi yake ya Ikon mwaka 2018, mashindano yakawa rasmi: nani atauza kadi nyingi zaidi, mapema zaidi.

Ili watu wanunue kadi, tiketi ya dirishani lazima ichome. Msimu wa 2024 hadi 2025, kadi kamili ya Epic iliuzwa dola 982 ikinunuliwa mapema. Tiketi ya siku moja hapa Park City wakati wa kilele ilizidi dola 300. Piga hesabu: ukiteleza siku nne tu, kadi imeshajilipa. Ni mgeni asiyejua au asiyejali fedha tu anayesimama dirishani.

Athari yake kwenye foleni ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kununua kifurushi cha intaneti kisicho na kikomo. Ukilipia kwa kila megabaiti, unafikiri kabla ya kufungua video. Ukishalipia mwezi mzima, unafungua saa unayotaka, na saa unayotaka wewe ndiyo wanayotaka wengine wote, mtandao unazubaa saa mbili usiku. Kadi ya mlima ni vivyo hivyo. Zamani bei ya siku iliweza kumwambia mtu: njoo Jumanne ya Januari, usije tarehe 28 Desemba. Mwenye kadi haambiwi hivyo. Siku zote kwake ni bure, basi anakuja siku aliyo na nafasi, na mwenye watoto ana nafasi pale shule zinapofunga. Shule karibu zote za nchi zinafunga pamoja: kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, Jumatatu ya tatu ya Januari ya kumkumbuka Martin Luther King, na Jumatatu ya tatu ya Februari ya marais. Kampuni yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana ile kadi ya bei ya chini kuliko kadi kamili imewekewa marufuku ya siku za sikukuu kwenye mlima wetu. Lakini kadi kamili haina marufuku, nayo imeuzwa kwa wingi. Msimu wa 2021 hadi 2022, baada ya bei kushushwa kwa asilimia 20, kadi zilizouzwa zilizidi milioni 2. Msimu huohuo wafanyakazi walipungua, lifti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma kupandisha watu mlimani, zikasimama kwa kukosa wa kuziendesha, na malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba kwa msimu uliofuata kampuni ilitangaza mshahara wa kuanzia dola 20 kwa saa na kuweka ukomo wa tiketi za siku.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawaelezwi, na mimi nilichukua miaka miwili kuling'amua. Krismasi ndiyo wakati mlima ni mdogo kuliko wakati wote. Ekari 7,300 ni za kwenye karatasi. Mwishoni mwa Desemba mara nyingi theluji ya mbinguni haijatosha, kwa hiyo njia zinazofunguliwa ni zile zilizo na mashine za kutengeneza theluji, mizinga mikubwa inayorusha maji hewani yagande kabla hayajatua. Nayo inahitaji baridi ya kutosha, nyuzi mbili hivi chini ya sifuri au zaidi, na hewa iwe kavu. Usiku ukiwa na joto, hakuna kitu. Matokeo yake umati mkubwa kuliko wote wa mwaka unasukumwa kwenye utepe mwembamba mweupe, kulia na kushoto vichaka na mawe. Machi mlima wote umefunguka, theluji imefika kiunoni, jua zuri, na siku za wiki nabeba abiria wanane. Ukinitaka ushauri kama dereva, njoo Machi. Hakuna anayenisikiliza, kwa sababu Machi mtoto ana mtihani.

Tiba ya kwanza inayokuja kichwani ni kuongeza lifti. Mwaka 2022 kampuni iliagiza lifti mbili mpya za kasi kwa ajili ya Park City, mojawapo ya viti vya kukalia watu wanane kwa mpigo. Ofisi ya mipango ya mji ikatoa kibali. Wakazi wanne wakakata rufaa. Hoja yao haikuwa kwamba lifti ni mbaya. Walisema lifti inayobeba watu wengi zaidi itahalalisha kuleta watu wengi zaidi, na hao watu wataegesha wapi magari yao? Juni mwaka huo tume ya mipango ikakubaliana nao, kibali kikafutwa. Vyuma vilikuwa vimeshatengenezwa. Kampuni ikavipeleka kwenye mlima wake mwingine, Whistler, Kanada, vikafungwa huko. Hadi leo ukisimama kwenye foleni ya lifti ya Silverlode saa nne asubuhi kuna mtu atakukumbusha: viti vyetu vipo Kanada.

Mimi sijui kama ningepiga kura na wale wanne. Nawaelewa. Barabara ni mbili na mlima haupanuki. Lakini najiuliza pia kwa nini tume inaweza kuzuia lifti na haiwezi kuzuia kadi. Jibu ni kwamba kadi inauzwa kwenye intaneti na kampuni ambayo makao yake yapo jimbo jingine. Mji una mamlaka juu ya nguzo na zege, hauna mamlaka juu ya ahadi. Mlima wa jirani, Deer Valley, umechagua njia tofauti: unaweka ukomo wa watu kwa siku, bei iko juu, na wanaoteleza kwa ubao mmoja hawaruhusiwi kabisa. Foleni zake ni fupi. Mfuko wa mteleza ndio unaochuja badala ya foleni. Nao sasa unapanuliwa upande wa mashariki, zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa, kwa hiyo hata huko tusubiri tuone.

Nimefika kwenye nyumba, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo mwili wangu unapouma.

Endesha basi Park City usiku wa Oktoba, kabla msimu haujaanza. Kwenye vilima vya juu utapita nyumba kumi, kumi na tano, kubwa kama shule za kata, na dirisha lenye taa utaliona moja, nalo pengine ni la mlinzi. Zaidi ya nusu ya nyumba za mji huu hazina mtu anayeishi humo mwaka mzima. Ni nyumba za likizo, za watu wa California, Texas, New York. Nyingine hukodishwa kwa usiku mmoja mmoja. Usiku wa tarehe 29 Desemba mtaa uleule unawaka kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Nyumba moja ya vyumba sita inaingia familia tatu, magari manne, na kila gari litataka kuteremka mjini saa ileile. Kumbe mji hauna wakazi 8,500. Una vitanda vya makumi ya maelfu, na kwa wiki mbili vitanda vyote vina watu.

Sheria ya kodi ya Utah inajaribu kutofautisha: nyumba unayoishi mwenyewe hutozwa kodi kwa asilimia 55 tu ya thamani yake, ile ya likizo hutozwa kwa thamani nzima. Ni fedha nyingi kwa shule na barabara. Kwa tajiri wa kununua nyumba ya dola milioni 4 ili ailalie siku ishirini kwa mwaka, si kitu cha kumfanya abadili mawazo. Na kwa mpangaji haisaidii chochote. Msimu wangu wa pili nilikuwa nimepanga chumba chini ya nyumba ya mtu, nalipa vizuri, sipigi muziki. Mwezi wa tisa mwenye nyumba aliniita jikoni kwake, akanipa chai, akaniambia kwa upole sana kwamba kuanzia Desemba atakuwa anakikodisha kwa wageni, kwa kuwa wiki moja ya Krismasi inamlipa karibu sawa na ninavyomlipa kwa miezi mitatu. Sikuweza hata kukasirika. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilimaliza chai, nikaanza kutafuta, nikaishia kuhamia kwenye mji mdogo nje ya bonde, dakika thelathini kwa gari, na tangu siku hiyo nami nikawa sehemu ya foleni ninayoilalamikia.

Wengi wapo mbali zaidi. Salt Lake City ni moja ya miji ya Marekani iliyopokea wakimbizi wengi, Wakongo, Wasomali, Warundi, Wasudani, na Kiswahili ni lugha utakayoisikia bila kutafuta kwenye basi la alfajiri linalopanda korongo la Parleys. Wengi wao walizaliwa au kukulia kambini, Nyarugusu au kwingineko, na sasa wanasafisha vyumba ambavyo usiku mmoja wake unazidi mshahara wao wa wiki. Vijana wengine wanatoka Argentina, Peru na Chile kwa viza za wanafunzi za muda mfupi. Kwa nini Amerika Kusini? Kwa sababu kiangazi cha huko kinaangukia Desemba hadi Machi, vyuo vimefungwa. Msimu wa Utah na likizo ya Lima vinakutana kama vilivyopangwa na fundi mmoja. Miaka ya karibuni yamejengwa mabweni ya wafanyakazi upande wa Canyons yenye vitanda zaidi ya 1,000. Ni hatua kubwa. Lakini kitanda cha bweni hakimfai mama mwenye watoto wanne.

Hapa lazima niseme na lile lisilosemwa kwenye kinyozi. Wenyeji wenye kura nao wana mkono. Mwaka 2016 walipiga kura kukopa dola milioni 25 kusaidia kununua eneo la Bonanza Flat ili lisijengwe kamwe, na mwaka 2018 wakakopa dola milioni 48 kuokoa, hasa, kilima kinachoitwa Treasure kisijengwe hoteli. Mimi hutembea Bonanza Flat mwezi Julai na ninawashukuru. Maua ya pale yanatosha kumfanya dereva asahau mlio wa honi. Ila kila ekari inayofungwa inaifanya ile iliyobaki iwe ghali zaidi, na kila unapoletwa mpango wa nyumba za bei nafuu, sauti ya kwanza mkutanoni husema: foleni itaongezeka. Foleni itaongezeka! Kana kwamba watu wale hawamo barabarani tayari, wakitoka kilomita 50.

Desemba ya 2024 mambo haya yote yalikutana siku moja. Tarehe 27, waokoaji wa mlimani walianza mgomo. Hawa ndio wanaofika alfajiri kabla ya watu wote, wakalipua theluji iliyojikusanya vibaya ili isije ikaporomokea watu, wakakagua njia, na kisha kutwa nzima kuteremsha waliovunjika miguu. Walikuwa karibu 200, na chama chao kilikuwa kikijadiliana kwa miezi kuhusu mkataba. Walitaka mshahara wa kuanzia utoke dola 21 kwa saa ufike 23. Dola mbili. Kampuni ilileta wasimamizi na waokoaji kutoka milima yake mingine, lakini mtu asiyeujua mlima hawezi kuufungua. Sehemu ndogo tu ya njia ndiyo iliyotumika, wiki yenye watu wengi kuliko zote, mwaka ambao theluji nayo ilikuwa imechelewa.

Jioni zile nilibeba watu ambao sijawahi kuona nyuso kama zao. Baba mmoja kutoka Chicago alikaa kiti cha mbele, mwanawe amelala kwenye mapaja yake na kofia ngumu bado kichwani. Aliniambia wamesimama foleni saa mbili na nusu kwa ajili ya kuteleza mara tatu. Nilidhani atawatukana wagomaji. Akasema, "Hao vijana wanataka dola mbili. Mimi nimelipa kahawa dola tisa." Mlimani nako, picha za video zilizozunguka dunia nzima zilionyesha wageni kwenye foleni wakipaza sauti kwa pamoja kampuni iwalipe wafanyakazi wake. Hilo lilinigusa, kwa sababu kwa mara ya kwanza mgeni na mwenyeji walikuwa wanatazama upande mmoja.

Mgomo ulidumu hadi tarehe 8 Januari. Waokoaji walipata dola zao 2 za kuanzia, na kwa wastani nyongeza ya kama dola 4 kwa saa, wenye uzoefu zaidi ya hapo. Hisa za kampuni zilishuka, mgeni mmoja akaenda mahakamani, wateja wa siku zile wakapewa punguzo la kadi ya msimu unaofuata, na kufikia Mei mkurugenzi mkuu akaondoka, akarudi Rob Katz, yuleyule aliyeibuni kadi ya Epic. Madereva, watandika vitanda na waosha vyombo hawakuwa kwenye ule mkataba. Watu wachache waliliuliza hilo.

Watu hunitumia ujumbe kutoka Moshi wakisema, si mna wageni matajiri huko, mnalia nini? Sisi wenyewe ndio tunaosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli tunapona, kwa kiasi. Mabasi ninayoendesha ni ya bure kwa kila mtu, na yanalipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya mauzo, yaani kahawa ya dola tisa ya yule baba. Tamasha la filamu la Sundance lilipotangaza Machi 2025 kwamba baada ya 2026 linahamia Boulder, Colorado, kwenye kinyozi watu walipiga makofi, hatimaye tutapata pa kuegesha. Mwenye mgahawa aliyekuwa anangoja zamu yake hakupiga. Na kuna kipindi cha kuanzia katikati ya Aprili, lifti zikifungwa, theluji ikawa tope. Hoteli zinafunga nusu ya vyumba, migahawa inabandika karatasi mlangoni, na ratiba yangu inapunguzwa. Hakuna foleni hata moja. Unaweza kulala katikati ya barabara kuu. Ndio wakati ambao wenyeji wenye nyumba zao husema mji umerudi kuwa wetu, na wasiokuwa nazo hutafuta kibarua cha pili bondeni.

Tarehe 3 Januari, wakati umati ulikuwa umeanza kuteremka kuelekea uwanja wa ndege, yule mama wa Uvira alipanda basi langu la saa kumi na moja jioni akiwa na mifuko miwili mizito. Wageni wakiondoka huacha vyakula kwenye majokofu, vingi havijafunguliwa hata, na msimamizi wake huwaruhusu kuchukua. Alikuwa na trei nzima ya mayai, siagi, parachichi sita, chupa ya asali yenye lakiri bado. Barabara ya kushuka ilikuwa imefunga kama ya kupanda ilivyofunga wiki iliyopita, kwa hiyo tulikuwa na muda. Alinipa parachichi mbili, akaziweka juu ya dashibodi kwa uangalifu kama mtu anayeweka watoto. Kisha akakaa, akavua glavu, akaniuliza hawa watu wanarudi lini tena.

Nikamwambia kidogo wiki ya tatu ya Januari, halafu kweli kweli katikati ya Februari.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kuanzia Jumatatu, alisema, wamempunguzia zamu, ni siku tatu kwa wiki. Akahesabu tena, akaishia palepale, akatazama nje kwenye taa nyekundu za magari. "Ni mbali," akasema.